Mgeni Mwenye Mafua

"Nimewaambia una mafua," Chiriku alisema.

Walikuwa wamesimama nje ya geti la kwao. Yeye ameshika komeo, Redio, mpenzi wake, ameshika mfuko wa matunda. Redio alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake.

"Nimesema sauti imekukauka," Chiriku akaendelea, maneno yakikimbizana. "Kwa leo tu. Unajua nilivyokueleza kuhusu shangazi. Nataka wakuone kwanza wewe mwenyewe. Wakishakuzoea, basi, hayo mengine yatafuata."

Redio alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na shingoni alikuwa amejifunga kile kitambaa cha buluu kinachofunika tundu lake la kupumulia. Ndani ya teksi, njia nzima, Chiriku alikuwa amemwona akichezesha midomo bila kutoa sauti. Alikuwa akifanya mazoezi ya sentensi aliyoiandaa wiki nzima: *Nimekuja kumwomba binti yenu.* Mara moja aliirudia polepole, akamgeukia Chiriku na kumkonyeza, na moyo wa Chiriku ukayeyuka palepale kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Hata hivyo, walipofika getini, alisema alichosema.

Redio alihamisha mfuko kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Kisha akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, akanyoosha mkono kumwonyesha atangulie.

Chiriku ni jina la nyumbani. Alipewa na mama yake, marehemu, kwa sababu alianza kuongea mapema na hakuwahi kupumzika. Hospitalini alikuwa na chumba mwishoni mwa korido, jirani na stoo ya mashuka, na mlangoni paliandikwa Tiba ya Usemi, ingawa wagonjwa walimwita tu Dada wa Sauti. Alifundisha watoto wenye kigugumizi. Alifundisha wazee waliopooza upande mmoja na kusahau majina ya vitu, mtu anashika kijiko na kukitazama kama mgeni. Na alifundisha wale waliokatwa kisanduku cha sauti kwa sababu ya saratani ya koo, wanaopumua kwa tundu la shingoni na kuamka na midomo inayofunguka bila kutoa chochote.

Kwa hawa wa mwisho alimhitaji Redio. Yeye naye alikatwa, miaka kadhaa nyuma, enzi zile akiuza vyombo sokoni kwa kupiga kelele kutwa. Alijifunza upya kusema kwa kumeza hewa na kuirudisha juu kama mtu anayebeua, na kwenye ile hewa inayorudi ndipo alipochonga maneno, matatu au manne kwa mkupuo, kisha anameza tena. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Jina la Redio alijipa mwenyewe. "Redio ya zamani," alikuwa akisema. "Inakoroma. Lakini stesheni inashika." Siku hizi alikuwa fundi makochi, na kila Jumatano alikuja hospitalini bila kulipwa, akakaa mbele ya mgonjwa mpya ili mgonjwa aone kwamba maisha bado yapo.

Jumatano ya wiki hiyohiyo walikuwa na dereva wa malori, mtu mkubwa mwenye mabega kama kabati, aliyekataa hata kujaribu. Aligeuza uso ukutani. Mke wake ndiye aliyemsemea.

"Anasema hataki kuongea kama... samahani, kaka. Anasema kama mtu aliyeshiba."

"Mwambie ni kweli," Redio alisema. "Nimeshiba. Wewe una njaa. Nani ana nafuu?"

Mke alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Dereva akageuza kichwa. Na Chiriku, akiwa amesimama kando na koti lake jeupe, alisema maneno aliyowaambia wagonjwa wake wote: "Humu ndani hakuna sauti ya aibu. Na nje pia hakuna. Nyinyi familia ndio mtakaomwonyesha hivyo. Mkimficha, mmemkata mara ya pili."

Alilisema hilo siku ya Jumatano. Sasa ilikuwa Jumamosi.

Shangazi aliwapokea mlangoni akiwa amejifuta mikono lakini bado ina unga. Alikuwa dada mkubwa wa baba, aliyehamia pale baada ya msiba na kuishika nyumba nzima, kuanzia funguo hadi maongezi.

"Karibu, mwanangu, karibu. Pole na mafua. Usiseme kitu, tumeshaambiwa, pumzisha koo. Chiriku, mpokee mgeni mzigo. Ah, matunda. Umeona? Mtu mgonjwa na bado kakumbuka matunda."

Sebuleni feni ya ukutani ilikuwa ikizunguka na kulia, kwii, kwii, kama ilivyolia miaka yote. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo tangu ujana wake, na mashine zilimla masikio, kwa hiyo mtu akizungumza alimtazama mdomoni. Alisimama, akampa Redio mkono, akaushikilia kidogo.

"Karibu, kijana."

Redio aliinama kwa heshima. Hakuna sauti iliyotoka. Chiriku akashusha pumzi.

Kabla ya kukaa, Redio alisita mbele ya kochi la mtu mmoja lililokuwa pembeni, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Alipitisha kiganja juu yake, akabonyeza upande wa kushoto, akasikiliza kwa vidole.

"Hilo usilikalie, litakumeza," shangazi alisema. "Lilikuwa la wifi yangu. Mie nilisema litolewe, kaka yangu hataki kusikia. Njoo huku."

Redio alimtazama baba. Baba alimtazama Redio. Ilikuwa kama wawili hao wameshazungumza jambo, na Chiriku alihisi wivu mdogo wa ajabu.

Chai ililetwa.

"Haya, kijana," baba alisema. "Kazi inakwendaje?"

"Inakwenda vizuri, baba," Chiriku akadakia. "Amepata oda ya viti vya ukumbi, vyote vya kubadilishwa vitambaa."

"Nimemuuliza yeye."

"Ni hii sauti, baba. Mafua."

Baba aligeukia dirishani.

"Mwache mtoto wa watu apumzike," shangazi alisema. "Mimi nimeshampenda. Mwanaume mtulivu ni nadra siku hizi. Yule uliyemleta mwaka ule aliongea mpaka chai ikashika utandu. Huyu ona, anakunywa, anatabasamu, basi. Mlikutana wapi?"

"Hospitalini."

"Alikuwa anaumwa?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Chiriku aliuona. Angeweza kuupitia kwa neno moja, na Redio, kikombe kikiwa karibu na midomo, aliacha kunywa ili amsikie akipita.

"Huwa anakuja kutusaidia," Chiriku alisema. "Alitutengenezea benchi la wagonjwa."

Si uongo. Benchi alilitengeneza kweli, na ndiyo siku alipomwambia Chiriku, "Benchi lako linalia. Kuliko wagonjwa," na Chiriku akajikuta anacheka peke yake korido nzima. Lakini Redio aliweka kikombe chini polepole, akakitazama, na hakuinua macho tena. Uso wa Chiriku uliwaka moto. Mama angekuwepo, aliwaza, angeshanikazia macho na kuniuliza, Chiriku, unaficha nini? Na ningesema.

"Sasa sikilizeni," shangazi alisema, akiinuka. "Mafua ya kukausha sauti hayaishi kwa chai. Yanataka mvuke."

"Shangazi, usijisumbue."

"Najisumbua wapi? Maji yako jikoni yanachemka."

"Amekunywa dawa tayari."

"Dawa na mvuke havigombani."

Alirudi na beseni linalofuka, kichupa cha dawa ya kuchua kifua, na shuka. Alichota dawa kwa kidole, tonge zima, akalitumbukiza ndani. Harufu kali ikajaa sebule. "Njoo, mwanangu. Inama hapa. Ukishafunikwa, vuta kwa pua, mpaka ndani kabisa. Kama mtu anayenusa maua."

Kati ya magonjwa yote duniani, Chiriku alikuwa amechagua lile la pua. Pua ya Redio haikupitisha tena hewa hata chembe. Hakuweza kunusa ua wala kupuliza chai, wala kupenga kamasi. Pumzi yake yote iliingia na kutoka shingoni, pale nyuma ya kitambaa cha buluu, na njia kutoka pale hadi mapafuni ilikuwa fupi na haikuwa na kinga. Hilo Chiriku aliwafundisha watu. Aliwachorea kwenye karatasi. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika nyumba ile mvuke wa dawa kali ungekwenda wapi.

Redio alimtazama. Hakuwa akimlaumu kwa macho yale. Alikuwa akimpa nafasi nyingine.

Chiriku alitazama beseni.

Basi Redio aliinama, kwa sababu mama mtu mzima amemwambia ainame, na shangazi akamfunika shuka.

Kwa muda ilisikika feni tu. Halafu mabega yalitikisika. Kikohozi kilitoka, lakini hakikutoka mahali ambapo vikohozi hutoka. Kilikuwa kama mluzi mkali uliokatika, halafu kingine, na kingine. Shuka liliruka. Shangazi, akiwa tayari na karatasi laini mkononi, alimpa apenge pua, na Redio, machozi yakimtoka, aliichukua na kuipeleka kwa haraka shingoni, chini ya kitambaa, kama mikono yake ilivyozoea. Kitambaa kilifunguka. Tundu likaonekana, jekundu, likipanuka na kusinyaa.

Shangazi alirudi nyuma, akagonga beseni, maji yakamwagika hadi kwenye miguu ya baba.

Chiriku alikuwa ameshafika. Mikono yake ilifanya kazi bila kumwuliza: ilimkalisha wima, ikafuta, ikaondoa ute, ikafungua dirisha la pili, ikamshika mgongoni. "Taratibu. Toa. Toa yote. Sasa vuta kidogo." Ilikuwa sauti yake ya hospitalini, ile tulivu. Redio akatulia. Na katika ule utulivu Chiriku aligundua kwamba kila mtu alikuwa ameiona mikono yake ikijua cha kufanya, na kwa hiyo ilijua tangu mwanzo.

"Nani alisema ni mafua?" baba aliuliza.

Chiriku alifungua mdomo. Alikuwa amewaona wagonjwa wakifanya vile maisha yake yote ya kazi, mdomo uko wazi na hakuna kitu. Hakujua kwamba ndani yake kunakuwa baridi kiasi kile.

Redio alimeza hewa.

"Ni mimi, mzee."

Sauti ilitoka nzito, yenye kukwaruza, ikajaza chumba. Shangazi alishika kifua.

"Niliona aibu," Redio akaendelea, akimeza kati ya maneno. "Nikamwomba. Aseme hivyo. Nisamehe."

"Mungu wangu," shangazi alinong'ona. "Hicho ni nini?"

"Ni sauti yangu, mama."

Redio alijifunga kitambaa chake. Akaokota shuka sakafuni, akapiga magoti, akaanza kukausha maji kuzunguka miguu ya baba, vizuri, mpaka kwenye pembe. Akaliweka shuka ndani ya beseni, akainuka, akainama kwa baba, kisha kwa shangazi.

"Samahani kwa maji," alisema, na akatoka.

Chiriku alimfikia getini.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

Redio aligeuka. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa mvuke, na Chiriku alitamani kuyafuta kwa kiganja chake, lakini hakuthubutu kuinua mkono.

"Ulitaka niseme nini? Kwamba binti yake. Ananiona aibu?"

"Si hivyo. Si wewe ninaye... Ni wao. Niliogopa watakavyokutazama."

"Mimi natazamwa. Kila siku. Sokoni. Kwenye foleni." Alimeza. "Nimezoea. Ila wewe. Sikukuzoea wewe."

Jirani alipita na ndoo, akawasalimu. Chiriku aliitika. Redio pia aliitika, kwa sauti yake ileile, na jirani akageuka mara mbili. Chiriku alijikuta ametazama chini, hata pale, hata sasa, na Redio akaliona hilo.

"Unakumbuka ile simu?" alimwuliza. "Ulikuwa kwenye basi. Ukanikatia. Ukaandika. Mtandao mbaya."

Chiriku aliikumbuka. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho Redio kumpigia. Abiria wa pembeni alikuwa amekunja uso kwa ile sauti iliyotoka kwenye simu, na kidole cha Chiriku kikabonyeza chenyewe. Tangu siku hiyo waliandikiana tu, jioni hadi jioni, maneno mengi na matamu, na Chiriku alijiambia kwamba ndivyo wapendanao wa siku hizi walivyo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema kitu."

"Nilikupenda. Nikasema atazoea." Alitabasamu, tabasamu lisilofika popote. "Jumatano sitakuja."

"Na dereva? Ndiyo kwanza ameanza kukutazama."

"Ndiyo maana. Nitamwambia nini? Toka nje na sauti. Usiogope. Wakati mimi. Hunitoi hata sebuleni?"

Redio aliweka mkono kwenye komeo, akasita, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko kelele, "Rudi ndani. Mwenye mafua ni wewe."

Alishika barabara kwa miguu, suruali ikiwa imelowa magotini na shati jeupe kwenye kola, na hakugeuka.

Jikoni shangazi alikuwa anakamua shuka kwenye sinki.

"Sina ubaya naye," alisema bila kugeuka. "Usije ukasema shangazi ana roho mbaya. Lakini utaamka na sauti ile kila asubuhi? Mkipata watoto, watamsikia baba yao vile? Na ule ugonjwa ukirudi? Mama yako tumemzika juzi. Uliuguza mpaka ukabaki mifupa. Unataka kuuguza tena?"

"Umepona, shangazi. Amepona miaka mingi."

"Wanasema hivyo hivyo." Alitandaza shuka kwenye kamba ya dirishani. "Jambo moja tu namheshimu. Amesimama mbele ya watu akasema mwenyewe, niliona aibu. Wangapi wanaweza? Wewe ungeweza?"

Alisema bila kusudi lolote, kama mtu anayepita na kukukanyaga kidole. Chiriku alisimama pale akitazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye shuka. Hata sifa ya kusema ukweli alikuwa ameibeba mtu aliyesema uongo kwa ajili yake.

Alirudi sebuleni. Baba alikuwa amehamia kwenye kochi la mama, upande wa kulia ambao haujabonyea.

"Baba," Chiriku alisema, akachuchumaa mbele yake ili aone midomo yake. "Si yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyetunga mafua. Hakuniomba. Nilimwambia pale getini, tumeshafika, hana pa kurudi. Na ya benchi, si hivyo. Anakuja kufundisha wagonjwa wangu kusema. Ninamtegemea. Nikamfanya fundi wa benchi."

Baba aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Nilikuwa hapa dirishani," alisema. "Masikio yangu yamekwenda na mashine, macho bado ninayo. Niliisoma midomo yako ukimwambia."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Mbona ukaniacha?"

"Nilikuwa nakungoja." Baba alipapasa mkono wa kochi, pale kitambaa kilipochanika. "Nilisema, Chiriku huyu, hawezi kukaa na jambo mpaka kikombe cha pili. Nikangoja cha pili. Nikangoja beseni." Aliguna. "Nami nina makosa. Ningesema kabla hajainama."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, taulo begani. Alikuwa amesikia. Alimtazama Chiriku kama anayemwona ana madoa usoni.

Ilikuwa aibu ya kweli ile, yenye mashahidi, na Chiriku aliiacha imwenee mpaka masikioni. Kisha alitoa simu mfukoni. Alitafuta jina la Redio, lenye jumbe ndefu zisizo na mwisho na namba ambayo yeye hakuwahi kuipiga hata mara moja. Akapiga. Akabonyeza spika, akaiweka simu kwenye mkono wa kochi la mama.

Iliita. Iliita tena. Chiriku alifikiri haitapokelewa, kisha mlio ukakatika na pakawa na pumzi tu. Redio hakuwa na desturi ya kusema haloo. Watu wakiisikia sauti ile walikuwa wakikata.

"Ni mimi," Chiriku alisema. "Niko sebuleni. Baba yupo, shangazi yupo, na simu iko kwenye spika. Nimewaambia. Nimewaambia mafua ni yangu, na benchi, na kila kitu. Na lile la kwenye basi nalisema sasa mbele yao: ulinipigia, watu wakageuka, nikakukatia. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuonea aibu. Najionea aibu mimi. Sitaki uniambie si kitu, maana ni kitu. Nilikuwa nataka tu kukupigia."

Pumzi. Gari lilipita upande wa pili, kisha kengele ya baiskeli. Alikuwa bado yuko barabarani.

"Nimekukasirikia," sauti ya Redio ilisema hatimaye, na sebule yote ikaisikia. Shangazi alishtuka kidogo lakini hakusogea.

"Najua."

"Bado."

"Najua. Kasirika."

Kimya kirefu. Chiriku alijua kimya kile. Mara nyingi aliwakataza jamaa za wagonjwa kukijaza. Alikaza vidole vyake magotini.

"Jumatano nitakuja," Redio alisema. "Kwa ajili ya dereva."

"Asante."

Alitegemea simu ikatwe hapo. Haikukatwa. Ilisikika hewa ikimezwa, mara moja, kisha tena, kama mtu anayejiandaa kunyanyua kitu kizito. Kisha maneno yakaanza kuja, polepole, yakikwaruza, yakigongana na mlio wa feni, kwii, kwii, na baba, ambaye kwenye simu hakuwa na mdomo wa kutazama, aliinamisha kichwa mpaka sikio likakaribia kugusa kochi.

"Rudia, kijana," alisema. "Sijakupata."

Chiriku alikuwa amempata. Alikuwa ameyatambua maneno yale tangu la kwanza, yaleyale ya kwenye teksi, kwa mpangilio uleule. Yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wake, mepesi, na angeweza kumwambia baba kwa pumzi moja.

Alifunga mdomo.

Upande wa pili, hewa ilimezwa tena. Shangazi aliweka taulo mezani, akavuka sebule hadi ukutani, na akazima feni.